Tarehe za Nyimbo za Baba Rispa

Rispa alinipigia simu Jumanne asubuhi kuniambia mama yake amefariki. Nilimwambia pole, nikamuuliza mazishi ni lini, nikamuuliza kama watu wamekula, nikakata simu, kisha nikarudi kwenye ubao nikamalizia kukata sukuma wiki niliyokuwa nimeianza. Niliikata nyembamba, vile mume wangu anavyopenda. Nilipotaka kuitia kwenye sufuria ndipo nikaona nimekata mafungu yote matatu, mboga ya siku tatu, na sisi nyumbani tuko wawili. Sikulia. Watu wananijua hivyo, na kuna wanaodhani nina roho ngumu. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniambia ana kwa ana kwamba mimi machozi yangu nimeyaweka benki. Wacha waseme. Sasa Mama Rispa hayupo, na mambo ya mwaka ule ninaweza kuyaandika bila kumwaibisha mtu aliye hai isipokuwa mimi mwenyewe.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na tano, na mahali ni Makongeni, zile nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na Jogoo Road. Mimi na ndugu yangu Timo tulivyopata chumba huko ni hadithi ya watu wengine, siisimulii. Chumba kilikuwa kimoja. Kitanda changu kilikaa nyuma ya pazia la maua mekundu, godoro la Timo lilikunjwa mchana na kuwekwa juu ya sanduku, na stovu ya mafuta ya taa ilikaa karibu na mlango ili moshi utoke. Ukuta wetu ndio uliokuwa ukuta wa Mama Rispa. Mtu akipiga chafya huku, aliambiwa pole kule. Mumewe aliitwa Jairo, lakini sisi tulimwita Baba Rispa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa, na saa zote ambazo reli haikumtaka alipiga gitaa. Sijapata kuona mtu mwenye nyimbo nyingi namna ile. Alikuwa anatunga wimbo akisubiri chai ichemke. Alirekodi mwenyewe mle mle chumbani: redio kaseti juu ya kigoda, mto mmoja nyuma yake na mwingine chini ya mlango kuzuia kelele, ambazo hazikuzuilika hata siku moja. Akimaliza, kaseti aliitupa kwenye katoni ya sabuni chini ya kitanda. Hakuandika jina la wimbo wala tarehe. Mkewe alimgombeza kwa hilo, naye akawa anajibu kwamba anaandika namba za mabehewa kutwa nzima, akifika kwake hataki kuona kalamu.

Timo alikufa mwezi wa nne wa mwaka uliotangulia, wa tisini na nne. Kifua kilimbana Jumapili, na Jumatatu ya wiki ya pili hakuwepo. Hospitali waliandika nimonia. Alikuwa na miaka ishirini, mdogo wangu kwa mwaka mmoja na nusu, ila kwa kimo alinipita bega zima. Alikuwa akifanya vibarua Industrial Area, leo kiwanda hiki, kesho kile, na alikuwa mtu wa mdomo, wa kuingia nyumba za watu bila kungoja kukaribishwa na kutoka na kipande cha chapati. Tulimzika nyumbani, magharibi, nikarudi Nairobi, nikaenda kazini siku iliyofuata. Nilikuwa nachapa barua za watu kwenye kiduka kimoja Buruburu, na siku hiyo nilichapa kurasa kumi na nne bila kosa hata moja. Mwenye duka alinisifu. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, ila vidole vilikuwa bado vinajua kazi yao. Mwezi wa kumi na mbili Baba Rispa naye akaenda, baada ya kukohoa tangu mwezi wa nane. Kwenye matanga yake nilipika, nikaosha masufuria, nikaketi na akina mama wakiimba. Nikawa najiambia, Jeni, lia basi, watu wanakuangalia. Wapi!

Prodyusa alikuja mwezi wa pili. Jina lake sitaliandika, na hata sisi hatukulitumia; alikuwa na studio yake mjini, na kila mtu alimwita Prodyusa. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuja na mikate miwili na pakiti za maziwa, akaketi kwenye kochi na kofia magotini, akamwombea marehemu, ndipo akatoa mkataba mfukoni. Baba Rispa alikuwa ameutia sahihi miaka mitano nyuma. Ulisema hivi: wimbo wowote atakaourekodi, iwe studio au nyumbani, hadi siku ya mwisho ya mwezi wa sita mwaka wa tisini na nne, ni wa Prodyusa. Baada ya hapo mkataba umekwisha na nyimbo ni zake mwenyewe. Katika miaka yote hiyo mitano Prodyusa alikuwa ametoa nyimbo nne tu. Nyingine zote zilikuwa chini ya kitanda.

"Mama, mimi sitaki kitu chenu," alimwambia Mama Rispa. "Nitafutie zile za kabla ya mwezi wa saba. Kaseti zenyewe, alizorekodi kwa mkono wake. Zinazobaki ni za watoto."

"Na tutajuaje ni za lini? Hakuandika kitu."

"Mama wa nyumba hakosi kujua," Prodyusa akasema, akamaliza chai yake.

Mama wa nyumba hakujua. Jioni ile ile aligonga ukuta kwa kijiko, kama alivyozoea akinitaka, nikaenda. Alikuwa ameimwaga ile katoni sakafuni. Kaseti thelathini na moja, nyingine za mahubiri na za kujifunzia Kiingereza alizonunua zimetumika, matundu yake ya juu ameyaziba kwa vipande vya gazeti ili zikubali kurekodiwa upya. Rispa alikuwa na miaka minne, anazipanga kama matofali. Mdogo wake alikuwa amelala. Mama Rispa hakuwa na kazi. Nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi amekufa, kwa hiyo alikuwa amepewa hadi mwisho wa mwaka awe amehama. "Huyu mtu hakuniachia shamba wala ng'ombe," aliniambia. "Aliniachia kelele hizi. Jeni, wewe una masikio na unajua kuchapa. Nisaidie nijue zangu ni zipi." Nilimwambia sawa. Mwaka ule nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Tulifanya kazi ile Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya kanisa, kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano. Tulikaa chini, migongo kwenye kitanda, redio ileile juu ya kigoda kilekile. Mama Rispa alipika githeri siku ya Jumamosi na Jumapili omena na ugali, na chai haikukosekana, na mimi nilikula kila nilichowekewa bila kujua ladha yake. Kaseti tulizipa namba kwa karatasi na gundi ya unga. Nyimbo zenyewe hazikutusaidia kitu, kwa sababu Jairo aliimba mambo yaleyale miaka yote. Zilizotusaidia ni zile kelele alizoshindwa kuzizuia. Mtoto wa Mama Shiko, nyumba ya pili, alizaliwa mwezi wa nane na akalia mpaka Krismasi. Tukimsikia, wimbo ni wa Mama Rispa. Fundi wa nguo alihamia upande wa pili mwezi wa kumi. Cherehani yake ikisikika, wimbo ni wa Mama Rispa. Bomba la uani lilipasuka Pasaka na kumwaga maji wiki mbili. Ukisikia maji hayo, wimbo ni wa Prodyusa. Na kulikuwa na betri. Baba Rispa alinunua betri mpya akipokea mshahara, na zilipokaribia kwisha redio ilirekodi ikijikokota, kwa hiyo leo ukiweka betri nzuri, nyimbo za mwisho wa mwezi zinakimbia na yeye anaimba kwa sauti ya kitoto. Rispa alizipenda hizo kuliko zote. Alikuwa anasema, "Weka ile ya baba akiwa mdogo."

Kikohozi ndicho kilichokuwa kibaya. Kuanzia mwezi wa nane kilikuwemo katika kila wimbo, kwanza mbali na gitaa, halafu katikati ya maneno, halafu wimbo unakatika na hakuna kitu ila kukohoa na mtu kuzima redio. Hizo ndizo zilizokuwa za Mama Rispa. Zile nzuri, zile ndefu, za kifua kizima, karibu zote ziliangukia upande wa Prodyusa. Mama Rispa alijitia hamnazo, lakini nilimwona akizihesabu kwa macho.

Na msidhani tulianza kwa kudanganya. Kaseti ya tisa ilikuwa na wimbo mzuri sana, na nyuma yake kwaya ya kanisa la pale jirani inaimba nyimbo za Krismasi, basi mimi nikaandika mwezi wa kumi na mbili, nikafurahi, au niseme nilijua hapo ndipo mtu hufurahi. Mama Rispa akaishika karatasi, akaanza kucheka, cheko la kwanza tangu matanga. "Jeni, wewe ulikuwa wapi mwaka jana? Mwezi wa kumi na mbili Baba Rispa alikuwa hospitali. Hii ni Mei! Si unakumbuka yule mwalimu wa kwaya?" Ndipo nikakumbuka. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameaibika Krismasi ya tisini na tatu, waimbaji wakasahau maneno mbele ya wageni, akaapa haitarudiwa. Akaanza mazoezi ya Krismasi mwezi wa tano. Yesu alizaliwa mtaani kwetu Mei na Juni mpaka watu wakaenda kumlalamikia mchungaji. "Lakini kama ni Mei," nikasema, "basi ni ya Prodyusa." Mama Rispa akaacha kucheka, akanirudishia karatasi. "Andika Mei," akasema. Nikaandika.

Kaseti ya kumi na saba tuliiweka Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Ilikuwa karibu mwaka kamili tangu Timo, na sote wawili tulijua na hakuna aliyesema. Mama Rispa alikuwa ananimiminia chai. Kaseti ikaanza na gitaa, vidole vinatafuta njia tu, kisha mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja.

"Niaje, Mzee. Samahani, naona uko studio."

"Ingia, kijana. Ushaharibu tayari."

"Naomba chumvi. Dadangu amepika sukuma bila chumvi tena, anadhani tumelazwa hospitali."

Baba Rispa anacheka. "Iko kabatini, hapo juu. Mkebe urudi."

"Mkebe utarudi. Mzee, hiyo ulikuwa unapiga saa hii, anza nayo hivyohivyo, usiibadilishe."

Mlango unafungwa. Na Baba Rispa anaanza hivyohivyo, kicheko kingali kooni, na huo ndio wimbo mzuri kuliko wote aliopata kuimba. Hakohoi, hakosei, gitaa linatembea, na kuanzia mwanzo hadi mwisho unamsikia mtu aliyefurahishwa na jirani yake. Sisi hatukuusikiliza. Chai ilijaa kikombe ikamwagikia kwenye sahani, ikamwagikia sakafuni, na Mama Rispa hakuinua birika. Halafu akasema, "Chai imepoa," akainuka kwenda kuipasha moto, na ilikuwa inatoa mvuke. Nilirudisha kaseti nyuma. Nikaiweka tena. Nikairudisha, nikaiweka, labda mara saba, labda zaidi. Hatukuwa na sauti ya Timo mahali pengine popote. Picha nilikuwa nazo mbili, moja ya kitambulisho. Siku ya ile chumvi niliikumbuka: Jumamosi ya mwezi wa tatu, nimeanza tu kazi Buruburu, nimechoka, nimesahau chumvi, na yeye akaondoka na kunitania, akarudi na mkebe, tukala. Nilingoja nihisi kitu. Nilihisi masikio yangu yamekuwa ya moto, basi.

"Hii niandike mwezi gani?" nilimuuliza Mama Rispa aliporudi.

Hakuniangalia. "Wewe ndiye unayechapa," akasema.

Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia. Ukiwa mwezi wa tatu, wimbo ni wa Prodyusa. Ataichukua kaseti, na Timo ndani yake, ataiweka kwenye rafu mjini pamoja na nyingine mia, na mimi sitaisikia tena. Ukiwa mwezi wa saba, kaseti inabaki upande wa pili wa ukuta wangu. Na mwezi wa saba ulikuwa mahali pazuri pa kuficha wimbo: mkataba umekwisha, kikohozi hakijaanza, mtoto wa Mama Shiko hajazaliwa. Mama Rispa alihitaji wimbo ule awalishe watoto, na watu wakisikia hadithi hii watanipa sifa kwamba niliwahurumia yatima. Sikuwahurumia. Nilitaka sauti ya ndugu yangu ikae karibu. Nikachapa: Kumi na saba, mwezi wa saba.

Prodyusa alikuja kusikiliza mwezi wa tano, Jumamosi, pamoja na mzee mmoja wa kanisa kutoka mtaa mwingine, aliyeletwa awe shahidi na ambaye hakutujua. Mama Rispa alikuwa amepika pilau, ameazima viti. Watoto walikuwa nje. Prodyusa alisikiliza kama mtu anayeijua kazi, macho yamefumbwa, karatasi yangu mkononi, na kila tulipomweleza, huyu ni mtoto wa Mama Shiko, hili ni bomba, alitikisa kichwa na kutia alama. Tulipofika ya tisa na kumweleza habari ya mwalimu wa kwaya na Krismasi ya Mei, alicheka hadi akafuta macho, akamwambia mzee, "Unaona? Hawa ni watu wakweli. Wangeniambia Desemba ningekubali." Mama Rispa alimwongezea nyama.

Kisha ya kumi na saba. Mlango, niaje Mzee, chumvi, hospitali, mkebe. Wimbo ukaenda hadi mwisho na hakuna aliyetafuna. Prodyusa akafumbua macho. "Huu," akasema, "huu ni wa kweli." Akaangalia karatasi. "Mwezi wa saba. Mmejuaje? Sisikii mtoto, sisikii maji."

Mama Rispa akasema, "Ni mwezi wa saba."

"Huyu kijana wa chumvi ni nani? Akipatikana, yeye atatuambia."

Mzee wa kanisa akanigeukia mimi, kwa upole tu, kwa sababu nilikuwa karibu naye. "Wewe binti ndiye jirani. Unaijua sauti hiyo?"

Mama Rispa alikuwa anaangalia sakafu, pale chai ilipomwagika. Angeweza kujibu yeye. Alimlisha Timo chapati miaka mitatu, alimnawisha mikono, alilia kwenye mazishi yake kuliko mimi. Alingoja.

"Siijui," nikasema.

"Anasema dada yake amepika."

"Vijana wa kuomba chumvi Makongeni ni wengi," nikasema. "Wengine huja na kuhama hata majina hatuyajui."

Sauti yangu haikutetemeka. Prodyusa akaniangalia kidogo, kisha akaangalia ile alama ya kaseti ya tisa, Mei, akatia alama na kwenye ya kumi na saba. Alichukua kaseti kumi na tisa siku hiyo, akamsalimia kila mtu kwa mkono, nami pia. Mama Rispa alinifungia pilau kwenye bakuli. Nilikula yote nikiwa nimesimama.

Watu wa siku hizi wakisoma haya wataniuliza, si ungeinakili tu? Ndiyo, ningeinakili. Waliokuwa wakinakili kaseti walikuwa mjini, na wote walijuana na Prodyusa, hilo ni kweli, niliogopa. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliahirisha. Nilijiambia wiki ijayo, nikipata nafasi, nikipata mtu wa kumwamini. Kitu kilicho nyumba ya pili huna haraka nacho. Baadhi ya Jumapili nilikuwa naenda, Mama Rispa ananiwekea kumi na saba bila kuulizwa, kisha anatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nilikuwa nikikaa mle peke yangu na yule mtu anayesema nadhani tumelazwa hospitali. Nadhani nilikuwa naanza kupona. Jumapili moja nilikula omena nikasikia chumvi yake, nikafurahi.

Mwezi wa nane Mama Rispa alipata studio nyingine, ndogo, ya mtu wa kanisa, aliyekubali kuutoa wimbo ule. Jumatano jioni aligonga ukuta kwa kijiko. Nilipoingia alikuwa ameketi kitandani, redio mapajani, hajavua leso ya kupikia.

"Kesho naipeleka ile kaseti," akasema.

"Vizuri."

"Jeni, wimbo ukitoka utapigwa kila mahali. Prodyusa atausikia. Watu wa hapa watausikia. Mtu mmoja tu akisema, ala, si huyo ni Timo, yule aliyekufa Aprili, tumekwisha. Wewe na mimi."

Nilikuwa nimeshaelewa.

"Nimeifuta ile ya mwanzo," akasema. "Nimefanya mchana, watoto wakiwa wamelala, nisije nikakuuliza ukakataa. Nimebonyeza ya kurekodi mpaka pale anapoanza kuimba. Nisamehe. Wewe ulishasema humjui."

Alinipa redio nisikilize, kama ushahidi. Nikabonyeza. Kulikuwa na kimya, si kimya kamili, unamsikia Mama Rispa mwenyewe akipumua, akijizuia asifanye kelele, sekunde kama thelathini, halafu Baba Rispa anaanza kuimba akiwa amefurahi na huwezi kujua anafurahia nini. Nikazima.

"Sawa," nikasema.

"Jeni."

"Nimesema ni sawa, Mama Rispa. Chakula kiko motoni."

Nikarudi kwangu. Hakukuwa na chakula motoni. Nilikuwa na hasira, naweza kusema sasa, hasira ya kutaka kubomoa ule ukuta kwa mikono, lakini ilikuwa mbali, kama ugomvi wa watu wa jengo lingine. Hasira yenyewe ningeielekeza kwa nani? Alifuta sauti ya mtu nisiyemjua.

Wimbo ulitoka ukapendwa. Si wa kuwatajirisha, ila uliwatoa Makongeni bila aibu, ukamsomesha Rispa. Mama Rispa hakuniacha hata mwaka mmoja. Alikuja kwenye harusi yangu, alikuja nilipojifungua, akabeba ndizi na kuku, akaosha nepi. Hatukuizungumzia Jumatano ile tena. Mimi nilikuwa nikiusikia wimbo kwenye maduka, kwenye harusi za watu, naendelea na shughuli zangu, na mara nyingi nilijikuta nimesimama mahali nangoja mlango ugongwe.

Matanga yalikuwa kwa Rispa, Buruburu. Jumamosi, siku mbili kabla ya kusafirisha mwili, nilimkuta kwenye meza ya kulia, miwani puani, anaandaa kile kijitabu cha mazishi, karatasi zimetapakaa. Alikuwa anataka ukurasa mmoja wa nyimbo za baba yake zilizotunzwa na mama yake. Mbele yake kulikuwa na orodha yangu, karatasi yenyewe, herufi zile za taipureta ya Buruburu yenye "a" iliyojaa wino.

"Auntie Jeni, hapa nanakili tu kutoka kwako," akasema. "Huu mkubwa, kumi na saba. Mwezi wa saba, sivyo?"

"Mwezi wa tatu," nikasema.

Akainua macho. "Karatasi inasema wa saba."

"Karatasi niliichapa mimi. Ni mwezi wa tatu, Jumamosi. Andika."

Aliniangalia, kisha akaiangalia karatasi, naye si mjinga, habari ya mkataba aliijua tangu utoto. Niliona akihesabu. "Mama alijua?"

"Alijua."

"Na wewe una hakika gani?"

"Ndugu yangu alikuwa hai. Aliingia wakati baba yako anarekodi, akaomba chumvi. Alikuwemo pale mwanzoni, kabla ya wimbo. Tulimwondoa."

Rispa alikuwa na miaka mitatu Timo alipokufa, na hakujua kwamba nimewahi kuwa na ndugu. Akaweka kalamu chini. Akanishika mkono, akaniuliza, "Alisemaje, Auntie?"

Nikamwambia. Maneno ninayo yote, halijapotea hata moja. Niaje, Mzee, samahani, naona uko studio. Nikaendelea na chumvi, na hospitali, na mkebe, nikajaribu na ule mdomo wake, ile namna ya kuvuta neno "dadangu". Nilipofika hapo nikanyamaza, kwa sababu nilijisikia, na hakuwa Timo hata kidogo; alikuwa ni mimi, mama wa miaka hamsini na tatu, nikiomba chumvi nyumbani kwa watu.